Mjomba au Baba Mdogo? Uhakiki wa Lugha ya Watafsiri wa Video Katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuhakiki tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia. Ni mara chache kumwona mhakiki akiipima sanaa ya mtu asemaye juu ya picha za sinema zilizotengenezwa na wengine, kwa lugha ya wengine. Hata hivyo, katika mitaa ya pembeni ya miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, na katika makambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Nyarugusu na Rwamgasa, mtu huyo ni msimulizi mwenye wasikilizaji wengi, na wengi wao hawafungui riwaya hata mara moja kwa mwaka. Sauti yake husikika katika mabanda ya video, ambayo watu huyaita kwa mzaha banda umiza. Husikika katika vyumba vya kupanga, na siku hizi katika simu ya mkononi, baada ya mwenye kibanda kuingiza picha katika memori kadi. Makusudi ya makala hii ni kumpima msimulizi huyo kwa kipimo kimoja tu, nacho ni jinsi anavyowataja jamaa wa nyumba. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa hapo ndipo usanii wake unapofaulu au kuanguka.

Kazi yenyewe si mpya kama inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, lile jaribio la sinema za elimu lililokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, lilitengeneza picha zisizo na sauti zake zenyewe, na maelezo yake yakapigwa kwa sahani za santuri katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Katika miaka ya 1950 zilitokea picha zilizochezwa kwa Kiswahili chenyewe, kama vile Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa alikuwa mchezaji wake mkuu kabla ya kujulikana kwa siasa. Televisheni ilichelewa sana kufika Tanzania Bara, kwani matangazo ya kwanza yalianza mwaka 1994, na katika pengo hilo kanda za video zilijipatia nafasi kubwa. Kampala walitokea wasemaji waliozieleza picha kwa Kiganda, nao Wakenya wakampata DJ Afro. Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na baada yake wakaja wengine kama DJ Murphy. Kazi za watu hawa zilisafiri kwa mabasi na malori mpaka Kanda ya Ziwa.

Huku zilikofika, zilikuta wasikilizaji wa namna ya pekee. Kitovu cha nchi hii ni Usukuma, lakini dhahabu imewavuta watu wa kila upande. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, karibu na Kahama, mwaka 2001. Nje ya seng'enge za migodi hiyo ziko kazi za wadogo: maduara wanamoshuka wachimbaji, makarasha yanayosaga mawe, na mialo ya kuoshea. Ikisikika habari ya rashi mpya, vijana huhama kwa siku moja. Basi katika nyumba moja ya kupanga huweza kukaa Msukuma, Mhaya, Mkurya na Muha, kila mmoja na desturi yake, nao hukutana katika Kiswahili. Wakikaa jioni mbele ya video, mama akichambua mboga na watoto wakigombea mkeka, wote huangalia nyumba ya wageni kwa lugha ambayo kila mmoja wao aliipokea kama lugha ya pili. Mtafsiri asipoipanga nyumba ile ya wageni ikaeleweka, hakuna atakayeipanga kwa niaba yake.

Tuchukue hadithi ya namna inayopatikana mara nyingi katika picha za Kihindi. Mjane anarudi na mtoto wake mdogo kwa kaka yake, na kaka yake anamlea mtoto. Baadaye anakuja ndugu wa marehemu, akidai mtoto na mali. Katika Kihindi hakuna shaka ni nani na nani: kaka wa mama huitwa mama, na ndugu mdogo wa baba huitwa chacha. Kiswahili nacho kinawatenga bila taabu, mmoja ni mjomba na wa pili ni baba mdogo. Kisukuma vilevile: kaka wa mama ni mami, naye dada wa baba ni sengi. Kwa hiyo Mhindi aliyetunga hadithi na Msukuma anayeiangalia wanakubaliana kabisa juu ya mpango wa ukoo. Lakini katikati yao pamesimama maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, na Kiingereza kina neno moja tu kwa wanaume hao wawili. Hadithi inapita katika mlango mwembamba, na hapo mizigo yake mingine inabaki nje.

Mtafsiri aliye mvivu hufuata maandishi yale, akawaita wote wawili anko. Mara ugomvi mzima unapoteza sababu. Mtazamaji anaona maanko wawili wakigombea mtoto mmoja, asijue ni kwa haki gani. Zaidi ya hayo, masikio yake yanasikia mtoto wa Kihindi akimwita mwanamume mwenye masharubu "mama", watu wanacheka, na mtafsiri anacheka pamoja nao. Mtafsiri aliye msanii hutenda vingine. Yeye huutazama mwenendo wa hadithi, huona ni nani aliyefunga mizigo ya mjane na ni nani aliyeketi katika kiti cha marehemu, kisha hutamka kwa hakika: huyu mjomba, na yule baba mdogo. Kwa maneno mawili amerudisha kile ambacho Kiingereza kilikiacha njiani. Tena, kwa kufanya hivyo ameikaribia hadithi ya asili kuliko yule aliyeyafuata maandishi neno kwa neno.

Yamkini msomaji atauliza kama haya si madogo. Katika nchi tunayoisema, si madogo hata kidogo. Hans Cory, katika kitabu chake juu ya sheria na mila za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953, alieleza jinsi mahari ya ng'ombe ilivyoamua watoto ni wa ukoo gani. Ng'ombe wakitolewa, watoto ni wa upande wa baba. Wasipotolewa, hubaki kwa watu wa mama, na mjomba huwa na sauti juu yao. Ijapokuwa sheria za nchi zimebadili mengi tangu siku hizo, swali lenyewe halijaondoka nyumbani. Katika makambi ya dhahabu limezidi kuwa kali. Mwanamume hufuata rashi, mara nyingine harudi, na mtoto hulelewa na watu wa mama yake. Tena neno anko, katika Kiswahili cha mitaani, limekuwa jina la mwanamume ye yote aliye karibu na mama, na watoto huambiwa, "Msalimie anko," bila maelezo zaidi. Basi mtafsiri anaposema anko mbele ya nyumba kama hiyo, anatumia neno la kufichia. Anaposema mjomba, anamtaja mtu ambaye huenda ndiye aliyelipa karo ya mtoto aliyeketi pale mkekani. Watazamaji huipokea hadithi kwa namna nyingine kabisa.

Kinachosemwa juu ya majina kinahusu maamkio pia. Kijana wa Kihindi akiinama kugusa miguu ya mzee, mtafsiri mwema hamwachi bubu. Humtia kinywani "shikamoo", na mzee hujibu "marahaba". Wapo wasomi watakaosema huo ni uongo, kwani kijana hakutamka neno. Lakini tendo lile lilikuwa salamu ya mdogo kwa mkubwa, na Kiswahili kina salamu ya cheo hicho. Aibu ya kweli ni pale mkwe anapozungumza na mama mkwe wake kwa lugha ya vijiweni, eti kwa sababu watazamaji watacheka. Kicheko hupatikana, lakini heshima iliyokuwa nguzo ya hadithi huanguka, na baadaye machozi ya mama mkwe hayamgusi mtu.

Haifai kuwasifu watafsiri kupita kiasi. Wengi hupiga kelele mahali pa ukimya, na hujaza kila nafasi kwa mzaha juu ya maumbile ya wanawake. Wengi pia huendesha kazi zao bila idhini ya wenye picha, ijapokuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inaitaka idhini hiyo. Mhakiki hana budi kuyasema haya wazi. Lakini kosa la kisheria si kosa la kisanii, na kosa la mmoja si hoja ya kuidharau fani nzima.

Inafaa pia kuwalinganisha na washindani wao wawili. Wa kwanza ni picha za Kitanzania zenyewe. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2012, alipendwa mno kwao, na picha kama Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ilimkutanisha na wachezaji wa Nigeria. Lakini nyumba zinazoonekana katika picha za namna hiyo kwa kawaida ni za matajiri wa pwani, zenye lango na gari, na anko ameketi sebuleni kama mwenyeji. Hata picha moja ya Kanumba iliitwa Uncle JJ. Kiswahili kipo tangu mwanzo mpaka mwisho, ila ukoo wa bara haumo. Wa pili ni video za nyimbo za Kisukuma, kama zile za Bhudagala Mwanamalonja. Humo ng'ombe wamo, ngoma imo, na jamaa wanaitwa kwa majina yao ya haki. Lakini Mhaya na Mkurya waliopanga chumba cha pili huona mchezo tu, wasipate maneno. Kati ya Kiswahili kisicho na ukoo na ukoo usio na Kiswahili, mtafsiri aliye mwema amesimama peke yake: anawapa wapangaji wote nyumba moja, kwa lugha yao wote.

Kwa sababu hiyo naona ya kuwa wakati umefika kwa wanaochunguza Kiswahili kuziweka kazi hizi katika maktaba, kabla kanda hazijaoza na memori kadi hazijafutwa ili kupisha nyingine. Kamusi zetu zinafafanua mjomba na baba mdogo kwa mstari mmoja mmoja. Mtafsiri wa video, jioni, mbele ya watu waliochoka kwa kazi ya duara, hana nafasi ya kufungua kamusi. Lazima achague mara moja, na watu wanaomsikiliza wanajua kwa uzoefu wao wenyewe kama amechagua vema. Ningependa tumhakiki kwa ukali uleule wanaomhakiki nao wao, wala tusimsamehe neno anko.