Bastola Inayojua Kunyamaza

Ukitaka kujua thamani ya bastola ya jeshi, usianze na umbali inaopiga wala unene wa risasi yake. Anza na jinsi inavyokaa kwenye ala. Askari anaweza kuibeba miaka ishirini, ikagonga milango ya magari, ikaanguka sakafuni, ikakaa kiunoni katika jua la Doha linalopita nyuzi 40, kisha siku moja akaihitaji kwa sekunde chache. Miaka yote hiyo wajibu wake ni kunyamaza. Sekunde zile wajibu wake ni kuitika. Wengi husifu kuitika. Mimi nashikilia kwamba ufundi mkubwa umo katika kunyamaza, na kwamba bastola bora ni zile ambazo mafundi wake walikataa kutoa wajibu mmoja kafara kwa ajili ya mwingine. Hapa Qatar ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Rasi hii ina bahari pande tatu, na upepo wa shamali huleta vumbi laini kama unga: chumvi inakula chuma, vumbi linakwamisha kila kinachoteleza.

Naanza na mbunifu wa bastola John Browning, kwa sababu sijaona aliyemzidi. Bastola aliyoibunia kampuni ya Colt ilipitishwa na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911, ikabaki silaha rasmi hadi 1985. Katika majaribio ya mwezi huo huo ilifyatua risasi 6,000. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini, kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, ilhali mpinzani wake, bastola ya Savage, ilikwama mara 37. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi wa nguvu, lakini kinachonivutia zaidi ni vitu viwili vidogo. Mgongoni mwa mpini kuna kibonyezo: mkono usipoukamata mpini sawasawa, triga haifanyi kazi. Na karibu na kidole gumba kuna kifungio kilichoongezwa karibu na mwisho wa kazi, kwa ombi la askari wapanda farasi. Mfikirie mpanda farasi huyo: mkono mmoja umeshika hatamu, mwingine umeshika bastola ambayo nyundo yake imeshainuliwa, na mnyama ameshtuka. Lazima airudishe silaha kwenye ala kwa mkono ule ule bila kujipiga paja. Browning alimsikiliza mtu huyo, akampa jibu la chuma linalosogezwa kwa kidole kimoja. Luger ya Wajerumani, iliyopitishwa na jeshi lao la nchi kavu mwaka 1908, ni nzuri zaidi kwa macho na hulenga vizuri ajabu, lakini viungo vyake vinavyokunjika kama goti havivumilii uchafu. Uzuri wake naukubali. Kiunoni ningeichagua ya Browning.

Somo la mchanga lilikuja baadaye, tena karibu na hapa. Mwaka 2003 vita vya Iraki viliongozwa kutoka kambi ya As Sayliyah, nje kidogo ya Doha, na bastola ya Wamarekani wakati huo ilikuwa M9 ya Beretta, iliyochukua nafasi ya Colt mwaka 1985. Askari walilalamika kwamba inakwama. Lawama zikaiangukia bastola nzima, lakini kasoro kubwa ilikuwa kwenye magazini. Mkataba wa jeshi ulikuwa umetaka zipakwe fosfeti nzito, yenye ukwaruzo, ili zisishike kutu. Vumbi laini la jangwani likanasa kwenye ukwaruzo huo, springi ikashindwa kupandisha risasi. Dawa ilikuwa mpako mwingine, mwembamba na unaoteleza. Kinga dhidi ya kutu ilikuwa imeteka nafasi ya kuitika. Fundi alipaswa kuzipatanisha, si kuchagua moja.

Wapo watakaosema ni vibaya kusifu ufundi wa chombo cha kuua. Hoja hiyo ni nzito, na sitaikwepa: bastola imetengenezwa ili iweze kuua. Lakini ufundi ninaousifu, kwa sehemu kubwa, ni wa kuzuia kifo ambacho hakuna aliyekiamua. Mwaka 2017 iligundulika kwamba bastola za kiraia za SIG P320, zikianguka kwa pembe fulani, zingeweza kufyatuka, na kampuni ikatoa marekebisho mwaka huo huo. Risasi ya namna hiyo haichagui adui. Humpata mwenzako, au mtoto aliye chumba cha pili. Anayeona kwamba kosa hilo ni zito amekwisha kukubali kwamba kulizuia ni ufundi wenye heshima.

Wapenzi wa chuma nao hudai kwamba plastiki imeua sanaa hii. Siafikiani nao. Gaston Glock alikuwa akilitengenezea jeshi la Austria visu na sepetu, hakuwa amewahi kubuni bunduki, na mwaka 1982 jeshi hilo likaichukua bastola yake yenye fremu ya plastiki. Haina kifungio cha nje. Vizuizi vyake vitatu hufunguka kidole kinapovuta triga na kujirudisha kinapoiachia. Mpini wake haushiki kutu, jambo ambalo yeyote anayeishi kando ya Ghuba anajua thamani yake. Sura yake haina mvuto, lakini nidhamu ni ile ile ya mwaka 1911.

Ni kweli pia kwamba vita vya leo huamuliwa na bunduki, droni na makombora. Hata hivyo Qatar haikuiona kazi hii kuwa ya kale: Barzan Holdings, kampuni ya Wizara yake ya Ulinzi, imeungana na Beretta kuunda Bindig, kampuni ya ubia ya kutengeneza silaha ndogo nchini humu. Beretta ina hati ya mwaka 1526 inayoonyesha malipo ya ghala la silaha la Venice kwa mitutu 185. Ujuzi uliozaliwa katika mabonde ya Alpi sasa unapaswa kujifunza vumbi na chumvi za rasi hii, na fundi wa hapa, anayeishi navyo kila siku, ana mengi ya kuufundisha.