Lugha ya Ripoti za Maendeleo ya Utafiti

Ripoti ya maendeleo, ambayo mtafiti humpelekea mfadhili wake, ni utanzu ambao wahakiki wameupuuza. Umejengwa juu ya kauli ya kutendwa: “data zimekusanywa”, “wazee wamehojiwa”. Ni nani aliyewahoji? Je, walikubali mara moja, au walimwambia arudi baada ya mavuno? Kiambishi -me- huyafunika yote hayo, kwani fedha za awamu ya pili hutolewa kwa kazi iliyotimia, si kwa kazi iliyokwama. Ilhali katika utafiti wa lugha kukwama ndiko kufundishako: neno lililokataa kufasiriwa, lahaja isiyoingia katika hojaji.

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kwa jedwali la miezi sita sita, kazi hiyo ingesimamishwa mapema. (Naye, ni kweli, alikuwa na wakubwa wa misheni wa kuwaandikia.) Yafaa fomu za wafadhili ziwe na ukurasa wa yaliyoshindikana, nao uandikwe kwa kauli ya kutenda.