Hela Chini ya Mibuni

Vya kwanza kuitika huwa ni visoda. Pita na mashine ya kutambua metali kwenye kiwanja chochote kilichowahi kuwa gulio, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba ndani, navyo vitakupokea kabla ya kitu kingine: vya bia na vya soda, vilivyopondwa na nyayo, vingine vimeliwa na kutu hadi vimebaki ukingo tu. Nyuma yake huja misumari, vipande vya bati, nyembe, vichwa vya betri za redio. Asiyeizoea kazi hii husikiliza nusu saa, akavua hedifoni na kusema hapa pamekwisha, watu walishapita. Rafiki yangu aliyenifundisha kutafuta sarafu za zamani akisikia maneno hayo, ndipo anapotua mkoba wake chini.

Yeye mashine aliijulia upande wa Geita, ambako wachimbaji wadogo huitumia kusaka vipande vya dhahabu vilivyo karibu na uso wa ardhi. Aliporudi nyumbani Muleba hakuwa tena na dhahabu ya kutafuta, lakini sikio alikuwa nalo. Nimefuatana naye misimu kadhaa sasa, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoamini kwamba anachokifanya ni ufundi kamili, kama ule wa fundi saa au wa mama anayesuka mkeka, nao unastahili kusifiwa hivyo.

Kwetu, kama sehemu nyingi za Tanzania, habari za mali ya Mjerumani hazijawahi kufa. Watu wamechimba pembeni mwa majengo ya kale, wamechimba makaburini, wamefukua mashina ya miti mikubwa, wote wakitafuta masanduku ya rupia. Matapeli wakaona njia: huonyesha rupia moja, husema ina thamani ya mamilioni, na mtu mzima mwenye akili zake akauza ng'ombe. Nimeona familia ikiumia kwa jambo hilo, na sioni namna ya kulisimulia kwa wepesi.

Rupia yenyewe ilikuwa kitu kizito, gramu 11 na ushei, karibu yote fedha safi, upande mmoja ikiwa na sura ya Kaiser Wilhelm II na kofia yake yenye tai. Aliyeidondosha aliitafuta mpaka akaiona, au aliwaita watoto wa jirani waje wamsaidie. Ndiyo sababu ardhini ni adimu. Hela ni habari nyingine. Mwaka 1904 Wajerumani walianza kuigawa rupia kwa heller 100, badala ya pesa 64 za mwanzo, na kile kipande cha shaba cha upana wa milimita 20 watu wakakiita hela. Kikianguka kwenye nyasi za gulio jua linapozama, mwenye nacho aliinama mara moja, akapapasa, akaenda zake. Siku hizi rupia imebaki kwa wazee na kwa matapeli. Jina la sarafu ile ndogo ndilo lililoshika fedha yote: mshahara ni hela, mahari ni hela, mkopo wa benki ni hela. Nami naona wanaoukuta uwanja mtupu ni wale waliokuja kutafuta rupia. Hela walizikanyaga wakapita.

Mashine hufanya kazi kwa namna ambayo ukishaielewa unaanza kuistahi. Ile duara ya chini, sisi tunaiita sahani, hutoa nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Ikikuta metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali hiyo, nao huzaa sumaku yake hafifu inayorudi kwenye sahani kwa kuchelewa kidogo sana. Shaba na fedha hupitisha umeme vizuri, hivyo hujibu kwa namna yao. Chuma hujibu kivingine. Tofauti hiyo mashine huigeuza sauti, na kuanzia hapo kazi ni ya sikio.

Tatizo la mkoa wetu, Kagera, ni kwamba ardhi yenyewe huitika. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na mahali pengi umejaa pia mavi ya chuma, yale mabonge meusi yaliyotoka kwenye matanuri ya mababu. Mashine iliyowashwa kwa pupa hulia kila hatua. Wengi huinyamazisha kwa kuipunguza nguvu ya kusikia, na zikinyamaza kelele, hela nazo hunyamaza. Rafiki yangu huanza kwa kuchuchumaa. Huinua na kushusha sahani juu ya kipande cha ardhi kisicho na kitu, mara kumi, mara ishirini, akiirekebisha mpaka mashine iuzoee udongo wa pale na kutulia bila kuwa kiziwi. Kisha hufunga sahani ndogo, isiyozidi kiganja kilichokunjuliwa. Sahani kubwa huchukua msumari na hela kwa pamoja, na msumari hufunika. Hutembea polepole kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Visoda na misumari ya juu huviokota vyote na kuvitia ndooni, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa kimekaa juu ya sauti nyingine. Akishamaliza kupita kaskazini kwenda kusini, hurudia mashariki kwenda magharibi. Sarafu iliyosimama kwa ukingo huitika upande mmoja na kukaa kimya upande mwingine, na mvua ikiwa imenyesha, udongo ulioloa hupeleka sauti vizuri zaidi. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kwa hiyo hilo la mwisho tumejaliwa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, yeye huuliza wazee. Ufundi huo una mfano mkubwa hapa hapa Kagera. Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba, wazee walikuwa wakisimulia habari za mfalme, Omukama Rugomora Mahe wa karne ya 17, na za mti wa Kaiija ambao jina lake lenyewe linamaanisha mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, na uchimbaji wa mwaka 1970 karibu na mti ule ukafunua mabaki ya kazi ya chuma ambayo mkaa wake ulipimwa na kurudi nyuma zaidi ya miaka 2,000. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya tarehe hizo. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba simulizi ndiyo iliyomwongoza mchimbaji hadi kwenye tundu lenyewe.

Mahali pa namna hiyo rafiki yangu hapiti na mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kutafuta au kuchimba masalia ya kale bila kibali, na mpaka iliouweka kwa vitu vya kuhamishika ni vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hela ya Mjerumani ni changa kuliko mpaka huo. Bonge la mavi ya chuma linaweza kuwa kongwe kwa karne nyingi. Basi tukianza kufukua vipande vya mirija ya udongo ya mifuo, ile iliyoungua kwa moto, hufukia tundu na kuhama. Nilimwona mara moja akiacha sauti safi kabisa kwa sababu hiyo, na alichofanya baadaye ni kumweleza mwenye shamba alichonacho chini ya migomba yake.

Kuna sauti nyingine ambayo hataki ifuatwe. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu yaliishambulia Bukoba na kuubomoa mtambo wa Wajerumani wa simu ya upepo. Maganda ya risasi za vita vile ni shaba na hulia vizuri kama sarafu. Ganda tupu halina neno. Lakini Kagera iliona vita tena 1978 na 1979, na baadaye silaha zikavuka mpaka pamoja na misukosuko ya nchi jirani. Novemba 2017 wilayani Ngara, bomu la mkono ambalo mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu lililipuka shuleni na kuua wanafunzi. Tangu siku ile rafiki yangu, akisikia kitu kikubwa cha chuma kilicho chini sana, huchomeka kijiti, huwaondoa watoto na kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Hachokonoi.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Novemba, msimu wa senene, juu Kamachumu, kwenye kibanja cha bibi mmoja mjane ambaye zamani kwenye sehemu ya mbele ya shamba lake watu walikuwa wakiuziana bidhaa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatutazama na mashine yetu.

“Mnatafuta za Mjerumani?”

“Hapana bibi,” rafiki yangu akasema. “Tunatafuta zilizodondoka.”

“Vijana wa vyuma chakavu walimaliza hapa. Wakaja wengine na mashine kubwa kuliko hiyo. Hapana kitu waitu, lakini piteni.”

Walikubaliana mbele yangu kwamba kitakachopatikana ni cha bibi, na kila tundu litafukiwa na nyasi zake kurudishwa. Tukaanza saa mbili asubuhi. Hadi saa tano tulikuwa na robo ndoo ya visoda, kitasa cha sanduku na nusu ya kisu. Kisha, kati ya mibuni miwili, karibu na palipokuwa jaa la majivu, nikamwona amesimama. Alinivisha hedifoni. Niliisikia: sauti fupi, iliyokatwa, kama mtu aliyeanza kutaja jina akazibwa mdomo. Akaizungusha sahani upande mwingine, kimya. Akarudi kama mwanzo, ile pale tena. Ningekuwa peke yangu ningepita, na nina hakika wenye mashine kubwa walipita.

Akatoa kwanza msumari mrefu wa mraba, uliovimba kutu. Alipopitisha sahani tena, sauti ilikuwa imefunguka, laini na ya juu. Hapo akaacha mashine kabisa. Alikata bonge la udongo kwa kisu, akaliweka juu ya jani la mgomba, akaanza kulivunja kwa vidole, kidogo kidogo, kama anayechambua mchele. Hela ilikuwa imesimama kwa ukingo. Nilinyoosha kidole gumba niifute, akanishika mkono: mchanga mmoja tu chini ya kidole hukwaruza kile ambacho udongo umekihifadhi kwa miaka mia. Akaimwagia maji ya chupa. Kijani cha shaba kilibaki, na ndani yake likajitokeza shada la majani na katikati yake neno HELLER. Upande wa pili taji na mwaka 1910. Palikuwapo pia herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg.

Nilidhani tumemaliza. Yeye aliendelea kuvunja lile bonge mpaka likabaki vumbi, na kwenye vumbi hilo akaokota kitu cheupe: nusu ya simbi, kigamba cha bahari, mgongo wake umetobolewa ili upitishwe uzi. Kabla ya hela ya shaba, hizi ndizo zilizonunua chumvi na jembe huku ziwani. Wahaya huziita ensimbi. Sahani ilikuwa imepita juu yake mara kadhaa bila kutoa sauti, maana simbi si metali. Fedha iliyotumika kwa muda mrefu kabla ya Mjerumani, mashine haiwezi kuisikia. Huonwa na vidole vya mtu ambaye hajaondoka bado.

Tulimpelekea bibi vyote viwili kwenye jani. Hela aliigeuza, akaipima kiganjani, akaifunga kwenye pindo la kanga yake na kulikaza kwa meno. Simbi aliishika muda mrefu zaidi. Kisha akatoka nje, akatuonyesha kwa mkono mahali pengine kabisa, ng'ambo ya njia, penye mbuni mkongwe ulioinama.

“Mama mkwe wangu alikuwa anakaa pale na kapu lake.”

Rafiki yangu akachukua ndoo, akaenda kuanza na visoda.