Kuitambua Kabureta Iliyorekebishwa Vyema: Mwongozo kwa Wenye Chenso na Mashine za Kufyekea

Ubora wa kazi ya kurekebisha kabureta ya injini ndogo ya mipigo miwili haupimwi kwa kasi ambayo mashine huifikia ikiwa mikono mitupu, bali kwa sauti inayoitoa inapozamishwa kazini, kwa namna inavyotulia kidole kinapoachia resi, na kwa hali ya pistoni yake baada ya misimu kadhaa. Kipimo hiki kina uzito wa pekee Manchira, penye bwawa linaloupatia maji mji wa Mugumu, na katika maeneo mengine ya wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara. Huko chenso, yaani msumeno wa mnyororo, hukata kuni na kupasua mbao, na mashine ya kufyekea huonekana palipozoeleka kwanja, na zote mbili hukutana na mwinuko, vumbi na mafuta ya aina ambayo marekebisho ya kiwandani hayakuyazingatia.

Injini ya mipigo miwili ni ile ambayo pistoni yake hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mlipuko, tofauti na injini za pikipiki nyingi za bodaboda ambazo pistoni zake hupanda na kushuka mara mbili. Kwa kuwa haina hifadhi ya oili chini yake, injini hii hutegemea oili iliyochanganywa na petroli ili kulainisha beringi, ringi na ukuta wa silinda, na petroli hiyohiyo inapogeuka mvuke huipooza pistoni. Kwa sababu hiyo kabureta, ambayo kazi yake ni kuchanganya hewa na mafuta kabla havijaingia ndani ya injini, inapopunguza petroli hupunguza kwa wakati uleule kilainishi na kipoozi, na injini iliyonyimwa vyote viwili hunoki, yaani pistoni huvimba kwa joto, huikwaruza silinda na hatimaye hushikana nayo. Mafuta yakizidi, hasara ni moshi, plagi chafu na nguvu pungufu, mambo yanayosafishika mchana mmoja. Yakipungua, hasara ni silinda mpya. Fundi anayestahili jina hilo huliweka jambo hili mbele ya kila uamuzi wake, na kosa lake, kama ni lazima akosee, huwa ni la kuzidisha.

Kabureta ya mashine hizi kwa kawaida ni ya kiwambo: haina bakuli lenye boya kama ya pikipiki, bali ina utando mwembamba unaovutwa na mgandamizo wa hewa na kufungua sindano ya mafuta, ndiyo maana chenso huweza kulazwa ubavu au kugeuzwa juu chini bila kuzima. Hewa hupita katika koo jembamba ambamo kasi yake huongezeka na mgandamizo wake hupungua, kwa kanuni inayobeba jina la Giovanni Venturi, mwanafizikia wa Italia aliyefariki mwaka 1822, na upungufu huo ndio unaoinyonya petroli kupitia matundu madogo. Skrubu yenye herufi L hutawala mafuta ya mwendo mdogo, yenye H hutawala mafuta ya mwendo mkubwa, na ya tatu, yenye T au LA, haigusi mafuta hata kidogo, kwani kazi yake ni kukizuia kipepeo cha hewa kisifunge kabisa injini ikiwa kwenye sailensa, yaani mwendo wa kutulia. Kuikaza L au H hupunguza mafuta, kuilegeza huyaongeza, na mashine nyingi huanza vizuri kila moja ikiwa imelegezwa takriban mzunguko mmoja kutoka pale ilipogota kwa wepesi. Kuikaza kwa nguvu huharibu ncha ya sindano na kiti chake, na kabureta iliyotendwa hivyo haipati tena utulivu kwa fundi yeyote.

Mwinuko wa Mara ni jambo linalopuuzwa mno. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi ya Serengeti na Tarime hupanda kutoka hapo. Katika mita 1,300 hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12, lakini mafuta yanayonyonywa kupitia tundu lilelile hupungua kwa takriban nusu ya kiasi hicho tu, kwa hiyo mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam hufika Mugumu ikiwa na mchanganyiko mzito, moshi mwingi na uvivu. Mwenye mashine huikaza H kidogo, nayo hupona. Hatari iko katika safari ya kurudi: chenso iliyokazwa milimani, ikipelekwa kufanya kazi Tanga au Bagamoyo bila kulegezwa, huvuta hewa nzito kwa mafuta yaleyale machache na huungua huku ikisikika ina nguvu kuliko zamani. Fundi mzuri humuuliza mteja mashine itafanyia kazi wapi, na swali hilo ni dalili ya kwanza ya ubora wake.

Dalili ya pili ni kwamba bisibisi huwa chombo cha mwisho mkononi mwake. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, husafisha chujio la hewa, kwa sababu chujio lililojaa vumbi la kiangazi hubana hewa na kuufanya mchanganyiko uwe mzito. Anayerekebisha kabureta huku chujio likiwa chafu huikabidhi mashine inayoonekana nzima, ambayo itapungukiwa mafuta siku mwenyewe atakapoliosha. Hutazama pia chujio la petroli ndani ya tangi, mwanya wa plagi, ambao katika injini nyingi za aina hii ni milimita 0.5, na masizi katika tundu la sailensa ya moshi. Huifunga mashine vifaa vyake vyote, kwa kuwa chenso isiyo na upanga na mnyororo, au mashine ya kufyekea isiyo na kichwa na uzi wa urefu kamili, huzunguka kupita kiasi na kumdanganya anayeisikiliza. Kisha huiacha ipate moto wa kazi, maana injini baridi haisemi ukweli.

Mafuta yenyewe yanastahili kukaguliwa kwa ukali kuliko kitu kingine chochote. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji nchini Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, na hatua hiyo ilikuwa ya lazima, lakini petroli iliyomiminwa kwenye chupa za maji na kuanikwa juani hupoteza mvuke wake hata kama ilitoka kituoni ikiwa safi, na iliyotiwa mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake na kuichoma pistoni kana kwamba kabureta imekosewa. Kuhusu oili, uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na ule wa 25 kwa 1, yaani mililita 40, yote miwili hutumika kulingana na mashine na daraja la oili. Wengi huamini kwamba kuongeza oili huufanya mchanganyiko uwe mzito na salama zaidi, ilhali kinyume chake ndicho kweli kwa upande wa kabureta, kwa sababu oili iliyoongezwa huchukua nafasi ya petroli katika tundu lenye upana uleule, na hewa hubaki bila petroli ya kutosha. Anayebadilisha uwiano hana budi kurekebisha kabureta upya.

Sasa mashine isikilizwe. L iliyo sahihi huifanya injini iitikie resi papo hapo, bila kusita wala kumisi. Ikisita kisha ikaruka, mafuta ni machache, na ikikoroma kwa moshi kabla ya kuchanganya, ni mengi. Ikiwa kwenye sailensa, mnyororo wa chenso hauruhusiwi kutembea hata kidogo, na fundi anayeikabidhi mashine inayotambaza mnyororo ameshindwa, hata kama mengine yote ameyapatia. Mashine ilazwe ubavu huu na ule: sailensa ikibadilika sana, au injini ikiachiwa resi ikachelewa kushuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba inavuta hewa mahali isipopaswa, aghalabu kwenye sili za krankishafti, na hakuna skrubu inayotibu kasoro hiyo.

H ndiyo inayotenganisha mafundi. Injini ikipigwa resi yote bila kazi, sauti sahihi si mlio mwembamba na safi unaowafurahisha wateja, bali ni mlio wenye mtetemo wa kukwaruza, unaosikika kama injini ya mipigo minne, kwa sababu mafuta yaliyozidi kidogo huzuia baadhi ya milipuko. Upanga ukizamishwa kwenye gogo, mtetemo huo unapaswa kutoweka na sauti kusafika mara moja, na ukitolewa mtetemo urudi. Hakuna kipimo kinachozidi hiki kwa kutumia sikio. Mashine inayolia safi kabla haijaligusa gogo haina akiba ya mafuta ya kuipooza itakapolemewa, na inayoendelea kukwaruza hata ndani ya gogo imezidishiwa. Kipimo cha mizunguko husaidia, kwani chenso nyingi za kati huandikiwa kati ya mizunguko 12,500 na 14,000 kwa dakika bila kazi, lakini namba ya kitabu ni mpaka wa juu usiovukwa, si shabaha.

Hapo pia aina ya kazi huingia. Kukata mti chini ni kazi ya sekunde chache zenye mapumziko, bali kupasua mikaratusi kuwa mbao kwa chenso, kazi iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, huiweka injini kwenye resi yote kwa dakika nyingi mfululizo, mnyororo ukienda sambamba na nyuzi za mti. Chenso ya mpasuaji inapaswa kulegezwa H zaidi kuliko ya mkata kuni, hata ikionekana nzito kidogo, na fundi anayezipa zote mbili marekebisho yaleyale hajafikiri.

Plagi husomwa mwisho, baada ya mashine kuzimwa ikiwa katikati ya kazi, kwani iliyosubiri kwenye sailensa hutoa habari za sailensa tu. Rangi ya kahawia ni njema, nyeupe kama majivu ni onyo la mafuta machache, nyeusi yenye unyevu ni ya mafuta mengi. Hata hivyo rangi huathiriwa na oili iliyotumika, kwa hiyo mkaguzi makini huifungua sailensa ya moshi na kuitazama pistoni kupitia tundu lake: ukuta wake ukiwa laini, wenye alama hafifu za kiwandani, kazi ya fundi imethibitishwa, ukiwa na michirizi ya wima upande huo wa moshi, mashine imekwisha kuonja joto.

Mashine nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya masoko yenye sheria za hewa chafu huja na vifuniko vinavyozuia skrubu zisizunguke zaidi ya sehemu ndogo, na nyingine hazina skrubu ya H kabisa. Wako wanaoving'oa vifuniko hivyo kabla hawajaiwasha mashine. Kinyume chao, fundi bora kuliko wote ni yule anayeigundua sili iliyochakaa, akairudisha mashine kwa mwenyewe bila kuigusa skrubu hata moja, akamtajia kifaa cha kununua na kukataa kuiwasha mpaka kipatikane. Huyo alipwe ujira wake wote wa ukaguzi.