Ufundi Uliojificha Ndani ya Fonti

Itazame herufi m ndogo. Ina miguu mitatu na nafasi mbili, na kwenye karatasi haimsumbui mtu. Kwenye skrini za miaka ya 1990 ilikuwa mtihani. Skrini imegawanyika katika miraba midogo, yaani pikseli, na wakati huo kwa kawaida kila pikseli ya maandishi ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Mchoraji ameuweka mguu wa kati mahali pake hasa, lakini herufi ikipunguzwa hadi ukubwa wa kusomwa, mahali hapo panaangukia kati ya pikseli mbili. Kompyuta inausukuma mguu upande mmoja. Nafasi moja inabaki na pikseli mbili, nyingine tatu, na m inachechemea. Kwetu sisi, tunaoandika mtu, mti na mwalimu katika kila mstari, ukurasa mzima unachechemea nayo.

Fonti za TrueType, zilizotolewa na Apple mwaka 1991 na kuingia Windows mwaka uliofuata, zilikuja na dawa yake. Ndani ya herufi huandikwa maelekezo yanayoiambia kompyuta jinsi ya kuvuta mistari ya mchoro hadi ikae sawasawa juu ya pikseli. Miguu mitatu iwe na unene mmoja. Nafasi zilingane, hata ikibidi herufi ipanuliwe kwa pikseli nzima. Herufi o na n zilingane kimo, ingawa kwenye mchoro o huchomoza juu kidogo. Kanuni za jumla zikishindwa, fundi anaweza kusogeza nukta moja ya mchoro katika ukubwa mmoja tu, tuseme pikseli 11, bila kugusa 10 wala 12. Hapo ndipo kazi inapokula siku: herufi baada ya herufi, ukubwa baada ya ukubwa, na mwamuzi ni jicho.

Kazi ya namna hii ninayoiheshimu kuliko zote ni fonti ya Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996. Matthew Carter, ambaye ujanani alijifunza Uholanzi kuchonga herufi za chuma kwa mkono, aligeuza utaratibu uliozoeleka. Alianza na pikseli zenyewe, akazipanga mpaka zikasomeka vizuri, ndipo akachora mistari ya kuzizunguka. Kisha fundi Tom Rickner akaandika maelekezo ya kuufanya mchoro huo urudi kwenye pikseli zilezile.

Siku hizi simu zina pikseli nyingi kiasi kwamba kosa dogo halionekani, na zipo programu zinazoandika maelekezo hayo zenyewe. Zinasaidia sana, lakini hazijui lipi linapendeza. Carter anasifiwa popote herufi zinapozungumzwa, na anastahili. Bila Rickner, michoro yake ingefika kwenye skrini ikiwa imevurugika. Wanaoandika historia ya Verdana wawataje wote wawili katika sentensi moja.