Mstari Nilioukwepa

Donald Knuth, bingwa wa kompyuta wa Marekani na Mlutheri mwenye kinanda cha mabomba nyumbani, alitoa kitabu cha 3:16 mwaka 1991. Katika kila kitabu cha Biblia alichukua sura ya 3, mstari wa 16, akaufafanua. Akapata 59 (Yuda, wenye sura moja, uliachwa), kila mmoja ukipambwa na fundi wa hati. Hati zinapendeza macho. Maelezo mengine yanasomeka kama ripoti ya mkaguzi wa shule. Lakini kanuni yake imenibana. Mwanzo 3:16 unataja utungu wa kuzaa, na mume kumtawala mke. Knuth hakuweza kuukwepa. Mimi, katika sala za asubuhi chuoni, mbele ya wanachuo wa kike, niliuruka miaka yote.