PICHA YA MKIMBIZI NA WALE WASIOONEKANA NDANI YAKE

Katika ofisi za sharika zetu, katika kalenda za mashirika ya misaada na katika ripoti zinazopelekwa kwa marafiki wa ng'ambo, picha za wakimbizi zimekuwa jambo la kawaida. Mchungaji anayehubiri juu ya Mt. 2:13–15 huona ni vyema kuwaonyesha Wakristo picha ya namna hiyo na kusema, "Hawa ndio Yusufu, Mariamu na Mtoto wa siku zetu." Makala haya yanauliza kama tunayo haki ya kusema hivyo kabla ya kuichunguza picha yenyewe. Mfano mkubwa tunauchukua katika mkoa wa Kagera, ambao watu wake wa Ngara, Karagwe na Kyerwa wamewaona wakimbizi kwa macho yao na si kwa picha tu.

1. Kipimo cha Mathayo

Mwinjili anasimulia habari za familia ya Kiyahudi iliyokimbia usiku kwa kuuogopa upanga wa mfalme. Wachoraji wa karne nyingi wameipenda sehemu hiyo: punda, mama na mtoto, na Yusufu akitangulia. Lakini Mathayo hakuishia hapo. Mara baada ya safari anawataja watoto wa Bethlehemu waliouawa, na kilio cha mama asiyekubali kufarijiwa (Mt. 2:16–18). Aliyeokoka na asiyeokoka wamewekwa mahali pamoja, na Herode ametajwa kwa jina. Kwa hiyo kila picha ya mkimbizi hatuna budi kuiuliza maswali mawili: Ni nani asiyeonekana hapa? Na mtesi yuko wapi?

Tuitazame picha ya Wayahudi inayojulikana kuliko nyingi: mtoto wa kiume ameinua mikono, mwaka 1943, katika mtaa wa Wayahudi mjini Warszawa, na askari mwenye bunduki amesimama nyuma yake. Picha hiyo haikupigwa na mtu wa huruma. Ilitiwa katika ripoti ya Jürgen Stroop, kamanda wa SS, aliyetaka kuwaonyesha wakubwa wake kwamba kazi ya kuwaondoa Wayahudi imetimizwa. Baada ya vita ripoti ile ile ikawa ushahidi katika mahakama ya Nürnberg, naye Stroop akanyongwa Warszawa mwaka 1952. Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maelezo yake. Basi picha haijisemei yenyewe. Yule anayeieleza hubeba wajibu mzito, hasa akiieleza kutoka mimbarani.

2. Benaco, 1994

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Huko Benaco ikatokea kambi iliyokuwa kubwa kuliko miji yetu mingi. Miongoni mwa waliofika kuipiga picha alikuwa Sebastião Salgado wa Brazili, aliyefariki mwaka 2025. Picha zake za nyeusi na nyeupe zinaonyesha umati usiohesabika, moshi wa kuni na vibanda vya wakimbizi chini ya anga pana. Ni kazi ya fundi, tena fundi mwenye huruma. Mwaka 2000 alizitoa pamoja na picha za nchi nyingine katika kitabu alichokiita kwa Kireno Êxodos, yaani neno lile lile linalotumiwa kwa kitabu cha Pili cha Musa.

Hapa ndipo mwanatheolojia anapaswa kusimama na kupinga kwa upole. Katika Kut. 1:22 Farao anaamuru watoto wa Waebrania watupwe mtoni, kisha wanaotoka Misri ni wale waliotupiwa watoto wao. Katika Aprili 1994 mambo yalikuwa kinyume. Waliotupwa mtoni hawakufika Benaco. Maiti zao zilipita chini ya daraja la Rusumo, zikachukuliwa na mto Kagera kandokando ya Karagwe na nchi ambayo sasa ni wilaya ya Kyerwa, mpaka Ziwa Viktoria. Maelfu wamezikwa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Na baadhi ya watupaji walivuka juu ya daraja hilo hilo, wakapewa unga na maharage.

Hili si neno la kukisia. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa komini ya Rusumo, alikuwako Benaco, na mwandishi wa BBC Fergal Keane alimhoji humo. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu kwa mauaji ya kimbari, pamoja na yale ya parokia ya Nyarubuye, na mwaka 2006 rufani ikampa kifungo cha maisha. Katika picha ya umati, mtu kama huyo angeonekana kuwa mkimbizi mmoja tu kati ya wengine, amejifunika blanketi kama wao.

Tusije tukakosea upande wa pili. Walio wengi kambini walikuwa wakulima, wanawake na watoto wasio na damu mikononi, wengi wao wakiongozwa na hofu na wakuu wao. Njaa yao ilikuwa njaa ya kweli, na aliyewalisha alifanya sawasawa na Mt. 25. Ngano na magugu haziwezi kutengwa kwa macho, wala kwa kamera. Salgado naye aliingia Rwanda na kuziona maiti. Hatumshtaki kwamba hakujua. Kosa liko katika jina linalowafanya wote kuwa Israeli, na zaidi liko kwetu tunaolichukua jina hilo na kulihubiri bila kuuliza.

3. Karagwe na Kyerwa

Wakimbizi wengine walikaa Karagwe, katika kambi kama Chabalisa na Kagenyi, mpaka walipotakiwa kurudi kwao mwishoni mwa Desemba 1996. Dunia iliikumbuka Benaco na kuzisahau kambi hizo. Wasiokumbukwa zaidi ni wenyeji, ambao miti yao ilikatwa na visima vyao vikagawanywa. Wala hatuna picha mashuhuri za Watutsi waliokimbilia Karagwe tangu miaka ya 1959–1961, ingawa hao ndio hasa walikimbia mateso. Basi mwaka 2013, wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji, maelfu walirudishwa ng'ambo ya mto, wakiwamo watu walioishi Kagera kwa miaka mingi. Hapakuwa na moshi wa kupendeza wala umati mpana. Palikuwa na familia moja moja na mizigo yake. Je, mimbari zetu ziliwaona hao kuwa wakimbizi, au tulisubiri mpiga picha atuambie?

4. Picha iliyo bora

Baada ya 1994 Msalaba Mwekundu na UNICEF walipiga picha za maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Mtoto aliketi mbele ya kamera, akapewa namba, na picha ikabandikwa ubaoni ili mama au shangazi apite na kumtambua. Kwa ufundi hazina sifa yoyote. Lakini kwa maoni yangu ndizo zilizo karibu zaidi na Injili, kwa kuwa kila moja inamtafuta mtu mmoja kwa uso wake, kama mchungaji aitaye kondoo wake kwa majina (Yn. 10:3).

Ndugu mchungaji, nawe mwanafunzi wa theolojia, sisemi tuziondoe picha ukutani. Nasema tusizitundike kabla ya kuuliza nani aliipiga, wapi, mwaka gani, na nani hayumo. Huruma haihitaji uongo ili ifanye kazi yake. Mkimbizi alishwe hata kabla hajaulizwa habari zake. Bali yule aliyeliwa na mto naye atajwe katika sala ile ile.